Kamba Mbili

Barabara itokayo Kisii kwenda Keroka na Sotik hupita katikati ya Keumbu, na Keumbu haimwachi mtu apite kimya. Mikungu ya ndizi imepangwa hadi ukingoni mwa lami, matatu zinapiga honi kuwaita abiria, boda boda zinapenya kati ya lori la majani chai na basi la Nairobi. Ukitoka barabarani hatua chache tu, ardhi inaanza kuteremka: migomba, kisha chai, kisha majani ya nepia yaliyomzidi mtu mzima kimo, kisha kijito chini bondeni. Kwa mama mwenye mtungi wa maji huo ni mteremko wa kuchosha. Kwa mtoto wa miaka sita mwenye usonji, asiyeitika akiitwa jina, ambaye maji yanayometa au injini inayonguruma humvuta kuliko sauti ya mtu, ni jambo jingine kabisa. Hatari iko juu, hatari iko chini, na nyumba imekaa katikati.

Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2012 katika jarida la Pediatrics waliwauliza wazazi wa watoto 1,218 wenye usonji iwapo mtoto wao aliwahi kujaribu kuondoka peke yake mahali salama baada ya kutimiza miaka minne. Asilimia 49 walijibu ndiyo. Miongoni mwa waliopotea kwa muda wa kutia wasiwasi, karibu robo walikuwa katika hatari ya kuzama majini, na asilimia 65 katika hatari ya kugongwa na gari. Huwa tunasema mtoto wa namna hii “ametoroka”, na neno hilo linatupotosha, maana anayetoroka huwa anakimbia kitu. Huyu mara nyingi hakimbii chochote. Anakiendea kitu, naye anakiendea bila kuaga, kwa sababu kuaga ni mazungumzo, na mazungumzo ndiyo kazi inayomwia ngumu kuliko zote. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba takriban mtoto mmoja kati ya 100 ana usonji. Makadirio hayo yakishika hapa, shule ya msingi yenye watoto 800 ingepaswa kuwa na wanane. Shule isiyomwona hata mmoja na ijiulize hao wanane wako wapi saa hiyo ya asubuhi.

Zamani swali la nani amwangalie mtoto lilikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa na jina. Robert LeVine, aliyeanza kutafiti malezi ya Abagusii, wenyeji wa hapa, katika miaka ya 1950, na ambaye pamoja na Sarah LeVine na wenzao alichapisha kitabu cha Child Care and Culture mwaka 1994, alimweleza kwa kirefu omoreri: mtoto mkubwa kidogo, mara nyingi dada, aliyekabidhiwa mdogo wake ili mama apate kulima. Omoreri hakuwa yaya wa kulipwa. Alikuwa macho ya pili ya boma, na kila mtu alijua kwamba mdogo akiteleza mtoni, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Shule ilimchukua omoreri, na ilifanya vyema kumchukua. Msichana wa miaka minane si mali ya jiko. Elimu ya msingi bila malipo iliyoanza Januari 2003 ilikamilisha tu kilichokuwa kimeanza miongo kadhaa kabla yake. Leo, kuanzia asubuhi hadi alasiri, maboma mengi hayana mtoto mkubwa. Baba yuko kibaruani, nyanya magoti yanamsumbua, mama ana chai ya kuchuma na maji ya kuteka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, karibu 960 katika kila kilomita ya mraba, kwa hiyo majirani wako karibu kiasi cha kusikia kikombe kikianguka. Lakini kusikia si kuangalia. Na kwa mtoto wa kawaida haja ya omoreri hupungua akifika miaka minne au mitano, ilhali kwa mtoto mwenye usonji inaweza kuendelea hadi miaka kumi na minne, mwili ukikua na mbio zikiongezeka.

Hapo ndipo kamba ya kwanza huingia. Mwaka 2018 shirika la Disability Rights International lilichapisha ripoti kuhusu watoto wenye ulemavu nchini Kenya wanaofungiwa na kudhulumiwa. Oktoba 2020 Human Rights Watch ikatoa yake kuhusu watu wanaofungwa kwa minyororo na kamba katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwemo. Sidai kwamba nyumba fulani ya Keumbu ina mtoto aliyefungwa. Nasema kwamba masharti yanayoizaa kamba hiyo yote yako pale: barabara, maji, wepesi wa miguu ya mtoto, na mama mmoja. Leso husokotwa, ncha moja ikaenda kifundoni, nyingine kwenye mguu wa kitanda, na mama akapata saa mbili za kuchuma chai. Anayeona chuki hapo hajapiga hesabu. Mama ana mikono miwili na kazi za watu watatu, na kamba ni mkono wa tatu. Ubaya wake si kwamba haifanyi kazi. Inafanya kazi vizuri mno: humlinda mtoto kwa kumwondoa duniani. Mtoto hajifunzi njia ya sokoni, na soko halimjifunzi mtoto. Siku kamba itakapokatika, atatoka mtu asiyejua kitu chochote na asiyejulikana na mtu yeyote.

Kamba ya pili ilibuniwa mbali. Huko Cambridge, Ontario, nchini Kanada, shirika la National Service Dogs lilianza mwaka 1996, na mwaka uliofuata likawa miongoni mwa ya kwanza duniani kufunza mbwa kwa ajili ya watoto wenye usonji. Tuiangalie kamba yenyewe kwa karibu, maana hoja yangu imefungwa humo. Mbwa huvaa koti lenye mkanda imara kifuani. Kamba moja hutoka kwa mbwa hadi mkononi mwa mzazi, na amri zote hutoka kwa mzazi: tembea, simama, geuka, lala. Kamba nyingine, fupi, hutoka kwenye koti hadi kwenye mkanda uliofungwa kiunoni mwa mtoto, au mtoto hushika tu kipini kilicho mgongoni mwa mbwa. Mtoto akichomoka ghafla kuelekea barabarani, mbwa hamvuti wala hambwekei. Hukita miguu au hulala chini papo hapo, akawa nanga, na mzazi hupata sekunde tatu nne za kumfikia. Wakati mwingine wote watatu wanatembea tu. Mbwa hakufunzwa kumtii mtoto. Alifunzwa kuwa mzito mahali panapotakiwa uzito. Ukitazama kwa jicho la fundi, kamba hii na ile ya kitandani ni kitu kimoja: ncha moja kwa mtoto, nyingine kwa kitu kisichoondoka haraka. Tofauti ni kwamba kitanda hakiendi sokoni.

Ndiyo maana nadhani tunakosea tunapouliza kama mbwa “anatibu” usonji. Hatibu, na usonji si homa ya kushushwa. Swali la maana ni mtoto anaweza kufika wapi akiwa na mbwa ambako hakufika bila yeye, na hapo ushahidi uliopo unasema jambo. Utafiti wa Kristen Burrows na wenzake nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2008, ulizifuatilia familia 10 zilizopewa mbwa. Kilichojitokeza kwanza kilikuwa usalama. Kisha uhuru wa familia nzima, wazazi kulala usingizi, kuingia dukani, kutembelea watu. Kilichofuata kinanigusa zaidi: watu wa nje walianza kuisoma familia upya. Mtoto anayepiga kelele sakafuni dukani husomwa kuwa hakulelewa, na mama yake kuwa hajui kulea. Mtoto yule yule akiwa kando ya mbwa mwenye koti husomwa kuwa na jambo linalomsumbua, na mpita njia husita kabla ya kuhukumu. Koti la mbwa linasema kwa niaba ya mtoto maneno ambayo mama amechoka kuyarudia.

Kuna pia ushahidi wa mwilini. Mwaka 2010 watafiti wa Québec wakiongozwa na Robert Viau walichukua mate ya watoto 42 wenye usonji ili kupima kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga mtu anapokuwa na msongo na ambayo kwa kawaida hupanda baada ya kuamka. Kabla ya mbwa kuingia nyumbani, upandaji huo wa asubuhi ulikuwa asilimia 58. Mbwa alipokuwapo ulishuka hadi 10. Mbwa alipoondolewa kwa muda, ukapanda tena hadi 48. Kiwango cha wastani cha siku nzima hakikubadilika, nami nataja hilo kwa sababu wauzaji wa matumaini huliruka. Tafiti hizi ni ndogo. Familia zenyewe ndizo zilizoomba mbwa, na anayesubiri jambo kwa hamu huliona zuri likifika. Mtu mwangalifu hawezi kuzijengea ghorofa. Lakini mate hayajui kumfurahisha mtafiti, na namba iliyoshuka mbwa alipoingia ikapanda alipotoka inastahili kusikilizwa.

Pingamizi la kwanza, ambalo kila msomaji wa Kisii au Nyamira ameshalitamka, ni fedha. Kumfunza mbwa mmoja wa aina hiyo huko Marekani mara nyingi hupita dola 20,000, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu za Kenya, na mafunzo huchukua hadi miaka miwili. Upande wa pili, familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa iliyobahatika kuingia katika mpango wa Inua Jamii hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi. Kumwambia mama huyo kuhusu mbwa aina ya Labrado wa Ontario ni kejeli. Kama hoja yangu ingekuwa kuleta mbwa hao kwa ndege, ingefia hapa.

Siyo hoja yangu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walionyesha mwaka 2015 kwamba hata mbwa wa kawaida wa nyumbani, asiye na koti wala cheti, alipunguza msongo wa walezi wa watoto wenye usonji kuliko ilivyokuwa katika familia zisizochukua mbwa. Na hapa kwetu Afrika Mashariki kuna kielelezo ambacho hakikutoka Ulaya. Gulu, kaskazini mwa Uganda, Francis Okello Oloya, aliyepofuka akiwa na miaka 12 baada ya bomu kulipuka alipokuwa akilima, ameeleza jinsi mbwa walivyomsaidia usiku, akiwa mwanafunzi wa bweni, kukifikia choo gizani. Baadaye, chini ya shirika la The BIG FIX, alianzisha mradi wa mbwa wa faraja kwa watu walioumizwa nafsi na vita vya waasi wa LRA. Mbwa wa mradi huo hawakununuliwa kwa dola. Ni wale wale wanaozurura Gulu, wakachanjwa, wakahasiwa, kisha mbwa na mtu wakafunzwa pamoja kwa miezi. Watu waliokuwa hawalali walipata mwenzi wa kuamka naye. Hali si moja, najua. Jinamizi la vita na usonji ni mambo mawili. Lakini swali lililokuwa gumu, kwamba je, mbwa koko wa kwetu anafundishika kwa ajili ya mtu dhaifu, Gulu imelijibu.

Tena hatuna haja ya kuishia kwa mbwa. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifunza panyabuku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kifua kikuu. Panya mmoja huchukua kama miezi tisa, na mshahara wake mkubwa ni ndizi. Mmoja wao, Magawa, aligundua kwa pua yake zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 huko Kambodia, akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Na mlango wa pili kutoka Kisii, katika Pembetatu ya Mara, mbwa wamekuwa wakifuata nyayo za majangili tangu 2009. Ukanda uliomfunza panya kunusa mabomu kwa kipande cha ndizi hauwezi kusema kwamba kumfunza mbwa ni elimu ya wazungu. Ndizi, kwa bahati, Keumbu haina shida nayo.

Ila tusijidanganye kwamba mbwa koko ni Labrado aliyekosa shampuu. Kazi ya nanga inataka uzito. Mbwa wa kienyeji aliyekonda ana kilo kumi na tano hivi. Mtoto wa miaka minane anamzidi, na akiruka atamburuta. Ukimfunga kwa mbwa huyo kando ya barabara ya Keroka umewatia wote wawili chini ya gurudumu. Kwa hiyo kazi ibadilike ifuate mnyama. Anachoweza mbwa wa boma, na ambacho tayari anakifanya nusu nusu bila kufundishwa, ni mambo mawili. La kwanza ni kutoa taarifa. Anabweka mgeni akiingia; anaweza kufunzwa kubweka mtoto akitoka. La pili ni kutafuta, na hapa ndipo anapomshinda hata mama mwenye miguu mizuri. Ndani ya nepia macho hayana kazi. Kuita kwa jina hakuna kazi, maana mtoto haitiki. Harufu pekee ndiyo inayopita katikati ya mabua. Mafunzo huanza kama mchezo wa kujificha: mtoto mwingine wa nyumba anajibanza nyuma ya migomba na ukoko wa ugali uliopakwa mchuzi wa omena, mbwa ananusishwa shati, anaachiliwa, akifika anapewa ukoko. Kesho umbali unaongezwa. Wiki ijayo shati ni la mtoto mwenyewe. Wanaojua kazi hii hurudia mchezo kwa muda mfupi kila siku, wala hawampigi mbwa anapokosea, na sharti hili la pili, kwa kweli, litawashinda wengi kuliko la kwanza. Mbwa aliyezoea kurushiwa jiwe hawezi kumtafuta mtoto kwa furaha.

Pingamizi zito kuliko la fedha ni kichaa cha mbwa. Karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu duniani hutokana na mbwa, hadi asilimia 99 kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, na dalili zikishaanza, mgonjwa karibu daima hufa. Takriban wanne kati ya kila kumi wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Sasa fikiria mtoto asiyesema. Mtoto mwingine akikwaruzwa njiani atakuja nyumbani analia, ataonyesha mguu, atasema ni mbwa wa fulani, na mguu utaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa, kisha safari ya kwenda kuchanjwa ianze. Mtoto mwenye usonji anaweza kurudi na kidonda kibichi na asitoe hata mguno, kwa sababu wengine wao hawahisi maumivu jinsi wenzao wanavyoyahisi, au wanayahisi na hawana njia ya kuyasema. Kumwekea mtoto huyu mbwa asiyechanjwa ni kumwachia shoka linaloninginia. Silijibu pingamizi hili kwa kulipunguza. Linageuka kuwa sharti: chanjo kwanza, mbwa baadaye. Kenya ina mkakati wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030, uliozinduliwa mwaka 2014, na msingi wake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Kata inayochanja mbwa wake wote ili mtoto mmoja apate msaidizi imewakinga watoto wote wa kata, hata wale ambao hawatamgusa mbwa maisha yao yote. Pamoja na chanjo, dawa ya minyoo, na kumwangalia mbwa kucha na nyayo, kwa maana funza hawabagui mguu wa mnyama na wa mtu.

Na kuna watoto ambao mbwa hawafai kabisa, tukubali. Kubweka kunaweza kuwa msumari masikioni mwa mtoto ambaye hata mlio wa sufuria humtoa machozi. Wengine wamelelewa kwa kitisho kile tunachokitumia bila kufikiri, nyamaza, nitamwita mbwa akuume, na kitisho kimekaa. Wengine huvuta mkia na masikio, na mbwa yeyote, hata aliyefunzwa, ana siku yake ya kuchoka. Timu ile ile ya Burrows ilichapisha utafiti mwingine mwaka huo huo kuhusu maisha ya mbwa wenyewe, ikakuta wasiopata muda wa kupumzika na walioumizwa na watoto bila kukusudia. Mara nyingi mbwa alishikamana zaidi na mzazi kuliko na mtoto. Mimi hilo la mwisho halinisumbui. Mlinzi hahitaji kupendwa na anayelindwa. Lakini mbwa asiyelala kivulini saa za mchana, asiye na bakuli lake la maji, si msaidizi. Ni mhanga wa pili katika nyumba ambayo tayari ina mmoja.

Lugha hii ninayoiandikia haimpendi mbwa. Imezaliwa pwani, penye msikiti, na humtumia mbwa kama tusi kwa urahisi wa kutisha. Mchezea mbwa, tunaonywa, huingia naye msikitini. Juu huku Gusii misikiti si mingi, lakini dharau imepanda mlima pamoja na maneno. Esese, ndivyo mbwa anavyoitwa kwa Kigusii, hula baada ya watu wote, hulala nje, na akiingia nyumbani hufukuzwa kwa fagio. Ukiitazama methali ile upya, hata hivyo, inaeleza kwa usahihi kabisa kazi ya mbwa msaidizi: kuingia na mtu wake mahali ambapo mbwa haingii. Kanisani Jumamosi miongoni mwa Wasabato, kwenye benchi la kusubiri daktari katika hospitali ya Keumbu, ndani ya matatu ambamo hata kuku husafiri kwa miguu iliyofungwa na hakuna anayelalamika. Marekani inaitambua haki hiyo chini ya sheria yake ya watu wenye ulemavu ya 1990. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 20 cha mkataba huo kinataja msaada wa viumbe hai kati ya vitu ambavyo serikali inapaswa kuvirahisisha. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika, kwa kiasi kinachofaa, mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Kondakta wa matatu hajasoma ibara ya 54. Atamsoma mbwa: akitulia chini ya kiti, safari ya pili haitakuwa na ugomvi, akibweka mara moja, katiba nzima haitamsaidia.

Limebaki pingamizi ambalo nalisikia kwa watu wenye usonji wenyewe, watu wazima wanaojieleza, na ambalo singependa lipite haraka. Wanauliza: kumfunga mtoto kwa mnyama kuna heshima gani? Kamba ni kamba. Wako sahihi kwamba kamba isiyo na mwisho ni kifungo hata ikiwa na koti zuri, na ndiyo sababu wafunzaji makini huihesabu kuwa hatua: mkanda kiunoni, kisha kipini mkononi, kisha kutembea kando ya mbwa bila kushika kitu. Kwa boma la Keumbu, ambako nimesema nanga haifai, hoja hiyo inanisaidia. Mbwa anayetoa taarifa na kutafuta hamfungi mtoto hata kidogo. Anamwacha atembee ndani ya boma, akate njia kati ya migomba, achezee maji ya beseni, huku sikio moja likiwa macho. Hicho ndicho alichokifanya omoreri. Naye mbwa haendi shule.

Wengine watasema haya yote ni anasa wakati mtoto hajapimwa hata mara moja. Kenya ilianza kufungua vituo vya kutathmini watoto wenye ulemavu mwaka 1984. Wazazi wakaunda Autism Society of Kenya mwaka 2003, na kitengo cha watoto wenye usonji katika City Primary, Nairobi, kikaanza mwaka huo huo. Toka Keumbu hadi huko ni safari ya siku nzima na nauli ambayo ingelisha nyumba wiki. Bila shaka mwalimu aliyefunzwa anashinda mbwa, na tathmini inashinda mbwa, na hata ua wenye lango linalofungika unashinda mbwa. Anayetaka kuchagua kimoja achague ua. Lakini mambo haya hayagombanii mfuko mmoja. Ua ni mbao, misumari na siku mbili za fundi, mwalimu ni bajeti ya serikali, mbwa tayari yuko bomani anakula ukoko. Kinachokosekana ni chanjo, miezi kadhaa ya mchezo wa kujificha, na mtu wa kuwaonyesha watu namna yake. Tangu 2023 kaunti zina wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba na simu mkononi. Wao ndio wanaojua mlango upi haufunguliwi mgeni akibisha. Ningeanza na wao, na daktari mmoja wa mifugo, na maboma matano.

Kuna jambo moja ambalo mbwa wa kutafuta hawezi kulifanya, na wafunzaji wote hulisema siku ya kwanza. Hawezi kumrudisha mtoto. Atapita chai, ataingia nepia, ataufuata mteremko hadi kijitoni, na akimkuta mtoto amekaa ukingoni akitazama maji yanavyometa, kazi yake inaishia hapo. Ataketi kando yake na kubweka, abweke tena, hadi aliye karibu aweke jembe chini na kwenda kuona ni mtoto wa nani.